Kiti cha Meza na Mitungi ya Maji

Mwaka juzi, pale Muthurwa, Nairobi, niliweka mguu kwenye ngazi ya matatu, mwili ukakataa kupanda. Kondakta akanishika kwapani: "Shosho, jikaze twende." Nilikuwa na miaka 66. Niliketi dirishani nikalia kimya kimya hadi Umoja. Sikuwa mgonjwa, miguu ilikuwa imeishiwa nguvu tu.

Na nilikuwa nikitembea kila asubuhi, nikidhani inatosha. Kutembea kunafaa moyo, lakini misuli huanza kupungua tukiwa na miaka thelathini na kitu, na baada ya 60 huisha kwa kasi. Haibaki bila kupewa mzigo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linatushauri sisi wa miaka 65 kwenda juu tufanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki.

Binti ya dada yangu ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alivuta kiti cha meza, akakiegemeza ukutani kisiteleze. "Mama mkubwa, mikono kifuani. Inuka bila kushika popote. Sasa keti polepole, hesabu hadi tatu." Kule kuketi polepole ndiko kunakochoma mapaja, na kazi yenyewe iko hapo. Siku ile nilifika mara 4, magoti yakitetemeka.

Kisha tukageukia mitungi ya maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo mtungi ni uzito tosha: nilianza na chupa za lita 2, nikapanda hadi mitungi ya lita 5, mmoja kila mkono. Usishikilie chupa ileile mwaka mzima, misuli huzoea. Toa pumzi unapoinua, usiibane. Mwenye presha amwone daktari kwanza. Na mle ndengu, maharagwe, omena, mayai. Chai na mkate haijengi msuli.

Wenzangu kanisani huniambia wamechelewa kuanza. Utafiti uliochapishwa 1990 ulifanyiwa wakazi wa makao ya wazee mjini Boston, Marekani, wenye umri wa karibu miaka 90. Wiki 8 za kuinua uzito kwa miguu, na nguvu zao zikaongezeka zaidi ya maradufu.

Jumamosi maji yalikatika tena mtaani. Nilipandisha mitungi miwili ya lita 10 hadi orofa ya nne. Nilipumzika mara moja tu, orofa ya tatu.