Zawadi ipitie mkononi mwa mama

Siku ya kwanza nilipokwenda kujitolea kwenye nyumba salama, wanakokimbilia wanawake na watoto wanaotoroka wanaume wanaowapiga, niliingia na mfuko umejaa wanasesere na magari ya kuchezea. Watoto walinizingira, wakagombania, kadogo kamoja kakapanda mapajani kwangu na kukataa kushuka. Nikajiona nimefanya la maana. Mama yake alikuwa amekaa pembeni akitutazama, hasemi kitu.

Nilipoaga, mhudumu wa zamu alinisindikiza hadi mlangoni. "Anti, leo wewe ndiye umekuwa mama humu. Yule aliyewatoa watoto wake usiku, kiatu mguu mmoja, umemwachia nini?"

Sikulala vizuri siku ile. Ila yote niliyojifunza baadaye yalianzia kwenye swali lile.

Mwanamume mkatili hapigi mwili tu. Humtukana mama mbele ya wanawe, hupangua kila analowaagiza, huwaambia "msimsikilize huyo, hana akili." Ikipita miaka, mtoto anaamini kwamba neno la mama halina uzito. Kisha wanafika nyumba salama, na huko nako saa ya kula na saa ya kuzima taa zimepangwa na wengine. Halafu tunaingia sisi wenye mifuko. Tangu nyumba ya Chiswick ilipofunguliwa London mwaka 1971, wanawake wamekuwa wakikimbilia kwenye nyumba za namna hii na watoto mgongoni, na bado tunawahudumia kama watu wawili wasiohusiana: huyu mpe ushauri, huyu mpe pipi.

Siku hizi ninacholeta nakipeleka stoo. Mama anaingia, anachagua, anafunga mwenyewe, na mtoto anapokea kutoka kwake. Mimi sionekani. Mtoto akiniuliza kama anaweza kwenda kucheza nje, namjibu, "Muulize mama," hata kama jibu nalijua.

Kuna mvulana wa miaka kama 10 aliyemgeukia mama yake mezani akamwambia, "Nyamaza wewe!" Sauti haikuwa yake. Mama alinyamaza kweli, akainamisha kichwa. Ulimi uliniwasha nimkaripie yule kijana, lakini ningefanya hivyo ningethibitisha kwamba mama hawezi. Nilisogea tu nikakaa karibu na mama. Kimya kikapita, kirefu. Mwishowe akasema, polepole, "Mimi siongeleshwi hivyo tena." Mtoto alitoka mbio. Jioni alirudi akalala kichwa kikiwa begani kwa mama yake.

Watoto huonyesha hofu kila mmoja kwa njia yake. Aliyeacha kukojoa kitandani siku nyingi anaanza tena, mwingine ananyonya kidole, mwingine anapiga wenzake. Usimcheke wala usimwite mkorofi. Anayenitia wasiwasi zaidi ni yule mpole kupita kiasi, anayebembeleza wadogo zake, anayeosha vyombo bila kutumwa na hana anachoomba. Huyo wageni humsifu sana. Mimi humtafutia mchezo wa kijinga usio na faida yoyote, achafuke.

Usimhoji mtoto yaliyotokea nyumbani. Akianza mwenyewe, sikiliza, mwambie amefanya vizuri kusema na kwamba si yeye aliyesababisha. Usimwahidi kuficha siri. Mweleze kuwa utamwambia mhudumu anayeweza kusaidia. Na akiuliza, "Baba atakuja lini?" usianze kumtukana baba. Wengi humpenda baba na kumwogopa kwa pamoja. Mimi husema, "Umemkumbuka. Si vibaya kumkumbuka. Kupiga ndiko kubaya."

Sasa usalama, na hapa sina mzaha. Hatari haiishi mama anapotoka. Mara nyingi huo ndio wakati inapopanda. Usipige picha, hata ya ukuta wenye michoro ya watoto, kwa sababu picha ya simu inaweza kubeba alama ya mahali ilipopigwa. Tableti ya mtoto iliyosajiliwa kwa akaunti ya baba inaweza kumwonyesha baba mlango wenyewe, kwa hiyo wahudumu waikague mapema. Na mama akikutajia, hata kwa kupitia tu, kwamba aliwahi kukabwa koo, usiliache likapita. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kuwa uwezekano wa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake kuja kuuawa naye ulikuwa zaidi ya mara saba ya wengine. Koo linaweza kuumia ndani bila alama nje. Aonane na daktari, na mhudumu ajulishwe siku hiyohiyo.

Kuhusu vitu vya kuchangia, piga simu uulize kwanza. Mara nyingi utaambiwa chupi mpya (mpya, jamani, si zilizovaliwa), pedi, vifaa vya shule, vocha za simu. Na mabegi. Nimechoka kuona mama anahamia maisha mapya na nguo zake ndani ya mfuko wa taka. Fedha taslimu nayo si aibu kutoa; nyumba inajua inakobanwa.

Ukisema utakuja Jumamosi, njoo Jumamosi. Mara moja sikufika, nikadhani si kitu. Niliambiwa kuna mtoto alikaa dirishani mpaka giza likaingia. Bora saa moja kila wiki mbili bila kukosa kuliko sherehe moja kubwa ya mwisho wa mwaka.

Baadhi ya kina mama hurudi kwa wale wanaume. Iliniuma sana mwanzoni, na kuna mmoja nilimwonyesha hivyo usoni; aliporudi mara ya pili alikuwa akinikwepa. Nimejifunza kusema, "Mlango unaujua," basi.

Wengine huondoka kwenda kupanga chumba chao. Siwaulizi ni wapi. Nikikutana na mmoja wao barabarani, sijui ameandamana na nani wala amemweleza nini kuhusu maisha yake, kwa hiyo nasubiri yeye anisalimie kwanza. Asiponisalimia, napita kama mtu baki.