Anasoma vizuri, lakini haelewi

Niliwahi kumfundisha Kiingereza mwanafunzi ambaye ungemsikia akisoma ungesema hana shida yoyote. Matamshi safi, hasiti, anatua kwenye kila mkato. Ukimuuliza swali, anarudi kwenye kifungu, anatafuta sentensi yenye maneno yaliyomo kwenye swali, anainakili nzima nzima. Mara nyingi alipata alama. Ndiyo maana nilichelewa kugundua kwamba haelewi, na hilo linaniuma hadi leo.

Nilidhani ni msamiati. Nikampa orodha za maneno magumu, akayakariri yote, na ufahamu ukabaki palepale. Siku moja tukafunga kitabu cha maswali, nikamwambia asome sentensi mojamoja na kunieleza kwa Kiswahili. Tukafika hapa: "She took the cup out of the bag and washed it." Nikamuuliza, kilichooshwa ni nini? "Mfuko," akajibu. Kila neno alilijua. Kilichompoteza ni "it".

Sisi tumezoea kubebwa na ngeli. Ukisikia "akakiosha", ni kikombe. Ukisikia "akauosha", ni mfuko. Kwenye Kiingereza neno ni lilelile kwa vyote viwili, na msomaji hana budi kurudi nyuma aamue mwenyewe. Tangu siku ile nikawa nampa penseli: kila akikuta "it", "they", "this" au "which", achore mshale hadi kwenye kinachotajwa. Mwanzoni aya mbili zilimaliza kipindi kizima. Usimharakishe. Mshale ukienda pasipo pake, hapo ndipo maana ilipomkatikia, nawe umepaona kwa macho.

Kisha tukaingia kwenye "although", "however" na "unless". Anayeiruka "unless" anaweza kuondoka na maana iliyo kinyume kabisa.

Wapo walimu wasiotaka Kiswahili kisikike kwenye somo la Kiingereza. Mimi sikubaliani nao kwenye ufahamu. Mtoto akieleza kwa lugha anayoimudu, unajua amekwama kwenye maana au kwenye kujieleza.

Msamiati nao usiupuuze. Utafiti wa wataalamu wa lugha Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ili mtu aelewe hadithi ya Kiingereza vya kutosha bila msaada, anahitaji kujua takribani asilimia 98 ya maneno yake. Kwa hiyo kabla ya kumpa kifungu, mimi huhesabu maneno 100 ya mwanzo. Asiyoyajua yakizidi mawili, natafuta chepesi zaidi, hata kama wenzake wako mbele.

Wiki kadhaa baadaye alinisimamisha katikati ya somo, penseli ikiwa hewani. "Mwalimu, hii 'they' ni wazee au wajukuu? Wote wanaingia." Nikaisoma aya ile mara mbili. Kweli, mwandishi hakuwa amesema.