Cómodo: starehe ya Kihispania na pale inapowaponza wanafunzi

Msomaji ameuliza kwa nini mwalimu wake alimsahihisha aliposema "soy cómodo" huku ameketi vizuri kwenye kiti. Kosa hilo hulifanya wengi, na linarekebishika.

Kwanza matamshi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu huvutwa kusema ko-MO-do. Kihispania kinataka KO-mo-do, ndiyo maana o ya kwanza hubeba alama katika maumbo yote manne: cómodo, cómoda, cómodos, cómodas. Tafadhali msiiache. Katika comodísimo, yaani chenye starehe mno, alama huhamia kwenye i; katika comodidad haipo kabisa.

Sasa kiini cha swali. Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa": ser (soy, es) na estar (estoy). Kitu kinachostarehesha huenda na ser: "Esta silla es cómoda", kiti hiki kinakalika vizuri. Mtu aliyestarehe huenda na estar: "Estoy cómodo", na mwanamke atasema "Estoy cómoda". Ukisema "soy cómodo" umejieleza tabia yako: wewe ni mtu wa kupenda raha, hutaki kujisumbua. Mtego unatoka kwenye lugha yetu, kwa kuwa kwetu tunasema "kiti cha starehe", "starehe" ikiwa nomino, bila kuchagua kitenzi. Basi kabla ya kufungua kinywa, jiulize: nasifu kitu, au naeleza ninavyojisikia sasa? Jiulize hivyo kila mara, hadi uzoee.

Mgeni akifika, rafiki huambiwa "Ponte cómodo", yaani kaa kwa starehe, mtu wa kuheshimiwa "Póngase cómodo". Akiwa mwanamke, malizia na cómoda. Jambo lisipokukalia sawa moyoni, sema "No me siento cómodo con esa idea".

Neno hili hubeba pia maana ya wepesi wa kufanya jambo: "Es cómodo pagar por internet", ni rahisi kulipa kwa mtandao. Madukani utaona "cómodas cuotas", malipo ya kidogo kidogo. Hapo kivumishi hutangulia nomino, na ni mtindo wa matangazo zaidi kuliko mazungumzo.

Ukisikia "Compré una cómoda", usisubiri nomino ifuate. Amenunua kabati la droo.

Na kwa mfiwa, usilitumie kabisa. Maneno ya faraja ni "palabras reconfortantes". Cómodo ni ya kiti, viatu, nyumba, na mwili uliopumzika.