Msamaha wa ada kwa watoto wa polisi na zimamoto Texas: tuliyojifunza nyumbani kwetu

Niliweke wazi kabisa: hapa Texas, mtoto wa polisi au zimamoto hasomi chuo bure kwa sababu tu mzazi wake anavaa sare. Naulizwa hili karibu kila shughuli ya Watanzania hapa Houston, sahani ya pilau mkononi, na kila mara natamani ningekuwa na jibu tamu zaidi. Msamaha wa ada upo, tena kwenye sheria ya elimu ya jimbo, kifungu cha 54.351. Lakini ni wa mtoto ambaye mzazi wake alifariki au alipata ulemavu kwa kuumia akiwa kazini. Polisi mwenye afya yake anamlipia mwanawe kama sisi wengine. (Zimamoto mwenyewe akitaka kusomea fani yake ya zimamoto, ana msamaha wake wa pembeni. Huo hauhusu watoto.)

Sisi ulituhusu kwa njia ngumu. Baba Neema alikuwa zimamoto wa kujitolea katika mji mdogo nje ya Houston. Dari lilimwangukia ndani ya nyumba iliyokuwa inaungua, na mgongo wake haujawa sawa tangu hapo. Neema alikuwa bado sekondari. Ulipofika wakati wa chuo, kila mtu alinipa pole na ushauri wa mikopo. Wa kunitajia msamaha sikumpata. Hata chuoni kwenyewe, dada wa dirishani alinieleza kwa upole kwamba mtu wa kujitolea hana mshahara, hivyo hana mafao, hivyo mtoto wake hana haki. Kumbe sheria inawataja zimamoto wa kujitolea waziwazi, sambamba na wa kuajiriwa. Inawataja pia polisi wa mji, wa kaunti na wa jimbo, askari wa wanyamapori, na askari wa magereza ya jimbo. Hao wa mwisho nawataja kwa makusudi, maana nawajua ndugu zetu wanaolinda magereza zamu za usiku na hawajihesabu kabisa kwenye kundi hili.

Kwa hiyo dirishani usiende na habari za ajali tu, nenda na namba ya kifungu. Ukisema mume wangu aliumia, unapewa pole. Ukitaja 54.351, anaitwa msimamizi.

Halafu kuna umri, na hapa ndipo ninapowabana wazazi wenzangu. Mtoto anatakiwa awe ameanza chuo kabla hajatimiza miaka 21, au 22 kwa mwenye haki ya elimu maalumu. Sisi tuna desturi ya kumwambia kijana afanye kazi kwanza mwaka mmoja au miwili, asaidie nyumbani, atume na kidogo kwa bibi. Sina ugomvi na hilo kwa mtoto mwingine. Kwa huyu, mwandikishe kwanza, hata chuo cha jamii kilicho karibu, ili haki yake isipotee. Akishaingia, msamaha unabeba krediti 120 za shahada ya kwanza au mpaka afikishe miaka 26, kinachotangulia. Krediti 120 ni kiasi cha shahada yenyewe, hakuna cha kuchezea. Neema alipotaka kuhama baiolojia aende uhasibu, tulikaa mezani na karatasi tukahesabu zipi zitahama naye ndipo nikakubali.

Maombi yanapitia Bodi ya Uratibu ya Elimu ya Juu ya Texas, na kazi kubwa ni karatasi. Sisi tulikusanya taarifa ya tukio, barua ya mkuu wa zimamoto ikithibitisha kwamba Baba Neema aliumia akiwa kazini, vyeti vya daktari, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hicho cheti ndicho kilichonipasua kichwa: kilitolewa Tanga, na jina la baba limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye kitambulisho chake cha hapa. Tukatafuta hati ya kiapo. Kama na wewe una jina la nyumbani na jina la pasipoti, anza nalo mapema. Na vituo vya kujitolea ni vidogo, wakuu wanabadilika. Omba barua sasa, wakati waliokuwepo siku ile bado wapo.

Kinachosamehewa ni ada na michango ya lazima katika vyuo vya umma. Chumba, chakula na vitabu unabaki navyo wewe, kwa hiyo fomu ya FAFSA, ya kuombea msaada wa masomo wa serikali kuu, jaza vilevile.

Aliyefiwa ana milango zaidi. Kuna sheria nyingine ya jimbo kwa mwenzi aliyebaki, na kwa watoto wadogo: ada mpaka shahada ya kwanza au krediti 200, pamoja na bweni, chakula na vitabu. Upande wa serikali kuu, mtoto wa marehemu aliye chini ya miaka 33 anaweza kupata ruzuku ya Pell kwa kiwango cha juu kabisa, dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025/2026. Wizara ya Sheria nayo, kupitia PSOB, mpango wa mafao ya polisi, zimamoto na wenzao wanaofariki au kuumia kazini, inasaidia masomo hadi miezi 45, kabla mtoto hajatimiza 27. Dai la kifo kwa kawaida lifunguliwe ndani ya miaka 3. Na mjane asikubali kuambiwa moyo ulikuwa ugonjwa wake mwenyewe: sheria ya 2003 iliingiza mshtuko wa moyo na kiharusi vinavyotokea kazini, au ndani ya saa 24 baada ya kazi nzito ya dharura. PSOB inawahusu pia walemavu, lakini ulemavu uwe wa kudumu na kamili. Baba Neema anafanya kazi ya mezani, hivyo huko hatukugusa.

Ukiwa jimbo lingine, usinakili haya. Illinois, kwa mfano, inadai ulemavu wa asilimia 90.

Kila muhula fungua bili ya mtoto kabla ya tarehe ya mwisho ya malipo. Neema aliwahi kukuta msamaha haujaingizwa, na chuo chake kinafuta masomo ya asiyelipa bila kupiga simu. Alama zake ziangalie pia, maana misamaha mingi ya Texas inakatika GPA, yaani wastani wa alama, ikishuka chini ya kiwango cha chuo.