Ukitaka njia nzuri ya baskeli, fuata mavi ya ng'ombe

Baibui langu lililoliwa na cheni lilikuwa la Sikukuu, sijalivaa mara mbili. Natoka kazini, saa kumi na moja jioni, barabara ya Fuoni, hapa Unguja, imejaa. Daladala ikaingia pembeni ghafla kumfuata abiria, nikabana breki, upindo ukaenda kwenye cheni na mimi nikaenda mtaroni. Watu wa barazani wakaja kuninyanyua. Mzee mmoja, huku ananipangusa vumbi kama mjukuu wake, akaniambia: "Mwanangu, baskeli si ya barabara hii."

Nilinuna wiki nzima. Baadaye nikaona kasema kweli, ila hakuniambia ni ya barabara ipi. Hiyo nimeitafuta mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili, kwa miaka sita sasa.

Nilianza kama wanavyoanza wengi: nikafungua ramani kwenye simu nikatafuta vijistari vyembamba, nikidhani mstari mwembamba ni njia tulivu. Wapi! Barabara nyingi za ndani Unguja zimetiwa lami miaka ya karibuni. Ni neema kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali na kwa mkulima mwenye mihogo yake, silalamiki. Lakini lami ikilala vizuri na gari nazo hukaza mwendo. Ile barabara ya mashimo niliyokuwa naitukana ndiyo iliyokuwa ikinilinda, maana dereva akiogopa kuvunja springi hukupita polepole. Siku hizi nikisikia barabara fulani imefunguliwa upya, naifuta kwenye orodha yangu mpaka niende kuiona kwa macho.

Aliyenifungua akili ni fundi baskeli wa njia panda ya Kitogani, pale barabara inapogawika, moja Paje na nyingine Makunduchi. Nilipata pancha, nikamkuta chini ya mwembe na beseni lake la maji. Akautoa mpira wa ndani, akaujaza upepo, akauzamisha kipande kwa kipande mpaka viputo vikatoka. Akapiga tupa, akapaka solusheni, akapuliza, akabandika kiraka, akakigonga kwa mpini wa bisibisi. Kazi yote hiyo ananihoji: natoka wapi, nakwenda wapi, mume wangu anajua? Nikamwambia natafuta njia isiyo na magari, lakini sitaki kupotea.

"Fuata mavi ya ng'ombe," akasema.

Nilidhani ananitania. Akafafanua: mwenye gari ya ng'ombe hapendi lami. Ng'ombe wake anashtuka na honi, na kila kinachopita kinamtukana. Kwa hiyo hupita barabarani pale tu asipokuwa na budi, halafu huingia ndani. Anapoingia yeye, na wewe ingia. Njia yake lazima itokee mahali, kwani kabeba mawe, au nazi, au makuti, na kuna mtu anayasubiri.

Tangu siku hiyo nasoma mavi, na usinicheke. Mabichi maana yake njia inapitika leo. Yaliyokauka, majani yameota kati ya michirizi miwili ya magurudumu, njia hiyo huishia kwenye konde la mtu, nawe utageuza. Na michirizi yenyewe ni mizuri kupanda: ardhi imeshindiliwa, pembeni kuna miembe na minazi, na aliye mbele yako mwendo wake ni wa ng'ombe. Ila uwandani, upande wa mashariki ambako ardhi ni mawe matupu, shika mchirizi mmoja usiuache. Ncha za mawe yale hukata tairi kama kisu.

Njia niliyoipata hivi na kuipenda kuliko zote ni ya Cheju, kwenye mabonde ya mpunga. Barabara kubwa huko imeshakuwa nzuri mno kwa roho yangu, lakini vijia vya mashambani vipo. Mpunga ukiwa kijani, yangeyange wamesimama mmoja mmoja majini, husikii kitu isipokuwa cheni yako mwenyewe. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, usiende. Nimekwenda, nikarudi nimeibeba baskeli badala ya yenyewe kunibeba mimi.

Sasa swali ninaloulizwa sana: mjini unatokaje? Jibu langu huwaudhi wanamichezo. Sitoki kwa baskeli. Naipakia juu ya daladala, kwenye keria. Patana bei ya mzigo kabla haijapanda, ikishapanda huna sauti. Chukua mipira yako ya kufungia, ile mikanda ya tyubu kuukuu, na uifunge mwenyewe. Konda ataifunga kwa haraka zake na utaikuta pedeli imetoboa gunia la mtu. Vua pampu uishike mkononi. Ukishuka Dunga au Kitogani una nguvu zako zote, na hujavuta moshi wa Mwanakwerekwe.

Kama hutaki daladala kabisa, basi toka baada tu ya sala ya alfajiri uelekee Bububu. Gari za 502, zile daladala za Bububu, hazijashika kasi. Ukifika Bububu kata kulia kuelekea ndani, ukipande kilima cha Kidichi. Kuna mahamamu aliyoyajenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na njia nzima ni mikarafuu, midalasini na mifenesi. Uwe umeshashuka kabla ya saa tatu, gari za watalii wa mashamba ya viungo hazijaanza kupanda.

Pwani ya mashariki inataka hesabu nyingine, na hapa nitakaa kidogo, maana nimeona watu wakiaibika. Jambiani, Paje na Bwejuu kuna barabara, lakini Paje siku hizi imejaa pikipiki za kukodi na wageni waliojifunza kuendesha jana. Njia yenyewe ni mchanga, maji yakiwa yamekupwa. Mchanga uliotoka kuachwa na maji ni mgumu, tairi halizami. Nenda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ambapo maji hukupwa mbali karibu na saa nne asubuhi. Utawakuta akina mama wanakwenda kwenye mwani. Wape salamu, na usipite juu ya kamba zao.

Jambo la pili ni upepo. Kusi, kati ya Juni na Septemba, hukusukuma kuelekea kaskazini. Mara yangu ya kwanza nilitoka Jambiani nikaruka mpaka Bwejuu naimba, najiona mbabe. Nikanywa dafu, nikapiga soga, nikageuza. Upepo wote ule ukawa usoni. Huku nakanyaga kama nasaga nafaka, maji nayo yakaanza kurudi, na maji ya bamvua yakirudi hayapigi hodi. Yakanisogeza, yakanisogeza, mpaka nikawa kwenye mchanga wa juu, ule mlaini, baskeli imezama na mimi naivuta kama mbuzi asiyetaka kwenda machinjoni. Watoto wakanisindikiza hadi Paje wakiimba, "Bi mkubwa kaishindwa baskeli!" Kwa hiyo wakati wa kusi anzia kusini, maliza kaskazini, urudi kwa daladala. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Februari, fanya kinyume. Na siku hiyo hiyo iogeshe baskeli kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, uifute, uitie cheni mafuta ya cherehani. Ukilala nayo na chumvi, asubuhi utakuta kutu imeshaanza.

Pemba ni habari nyingine. Kwanza si tambarare. Anayekwambia Pemba ni kama Unguja hajaipanda kwa baskeli. Kilima, bonde, kilima, bonde, na gea moja itakutoa machozi. Lakini nikiulizwa ni wapi nilipokanyaga bila hofu kuliko kote, nasema Pemba. Watu wazima wanakwenda shamba kwa baskeli, wengine na mzigo wa kuni nyuma, na dereva wa huko macho yake yamezoea. Anza Konde, ingia msitu wa Ngezi. Njia inapita katikati ya msitu wenyewe, kivuli tupu, ubaridi unaanza ghafla kama umefungua mlango. Popo wa Pemba, wale wakubwa wasiopatikana kwengine duniani, wamo huku. Ukitoka upande wa pili nenda Vumawimbi, ujiandae kushuka na kusukuma palipo na mchanga mwingi. Msimu wa karafuu ukikuta majamvi yameanikwa kando ya barabara, shuka upite kwa miguu. Usikanyage hata makonyo, vile vijiti vya karafuu, hiyo ni ada ya skuli ya mtoto wa mtu.

Kushuka kuna pahala pengine pia. Ukiona watu wamekaa kwa wingi nje ya nyumba, majamvi yametandikwa, huo ni msiba: shuka, punguza sauti, toa pole, pita. Ijumaa karibu na adhuhuri usikatize mbele ya msikiti wakati watu wanaingia. Nikifika kijiji nisichokijua huwa nasalimia kwanza, naeleza natoka wapi, ndipo nauliza njia. Mara nyingi hupewa mtoto wa kunionesha, na mtoto huyo anajua mkato usiokuwamo kwenye simu yoyote.

Dada zangu, baibui si kizuizi. Vaa suruali ndani, upindo ukusanye upande wa kulia, uliko mnyororo, uubane kwa vibanio viwili vya nguo juu ya goti. Kimoja hufyatuka, ndiyo maana nasema viwili. Helmeti vaa juu ya mtandio, na waache wacheke. Usiku usiende, gari ya ng'ombe haina taa, na wewe hutaiona mpaka umeshaikumbatia.

Begi langu lina tyubu ya akiba, viraka, solusheni, pampu, chupa mbili za maji na kanga moja. Kanga imeshakuwa kivuli, taulo, kamba na mkeka.

Na ukipita Kitogani, ukimkuta yule fundi chini ya mwembe wake, nisalimie. Mwambie kile kiraka bado kimeshika.