Rangi Inabanduka Ukutani

Swali: Ukuta wa chumba changu unaopakana na bafu umevimba, na rangi hubanduka kila ninapoipaka upya. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

Jibu: Ndugu msomaji, tafadhali usinunue rangi nyingine kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Tangi likiwa limejaa, funga koki zote, soma mita, kisha uisome tena baada ya saa 2. Namba zikisogea, bomba la maji safi linavuja, na zisiposogea, fundi achunguze bomba la maji machafu na sakafu ya bafu. Ikiwa pana swichi penye unyevu, zima umeme kwanza. Baada ya kuziba, plasta iliyolegea ibanduliwe hadi kwenye tofali, na ukuta uachwe ukauke kwa wiki kadhaa, kwani unyevu uliofunikwa huleta chumvi inayosukuma rangi mpya.