Maswali yenu kuhusu klabu za kuhutubu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Klabu yetu ya kuhutubu hapa Kisauni, Mombasa, ina watu 15 na hukutana Jumamosi saa 10 jioni. Mwanzoni palikuwa moto. Siku hizi mzungumzaji wa kwanza akimaliza ni saa 11, watu wamezama kwenye simu, na wa Likoni wanaaga ili wawahi feri. Tufanyeje mkutano uchangamke? (Katibu, Kisauni)

JIBU: Marahaba, Katibu. Wachangamfu mnao, ila saa ndiyo hamna. Mmoja akishika saa nzima, wenzake 14 hawana kazi ila kukaa, na mtu asiye na kazi mkutanoni hutoa simu. Mpeni kila mtu kazi na dakika zake. Ndivyo zinavyoendeshwa klabu za kuhutubu za Toastmasters, mtindo aliouanzisha Ralph C. Smedley huko Santa Ana, California, mwaka 1924, na kuufuata utaratibu wake hakutawagharimu kitu.

Mwongozaji afungue kwa dakika 5. Zifuate hotuba 3 zilizoandaliwa, kila moja dakika 5 hadi 7, na baada ya kila hotuba dakika 1 ya wasikilizaji kuandika vikaratasi vya maoni. Halafu maswali ya papo kwa papo kwa dakika 20, kisha watathmini 3 wa hotuba hizo, wenye dakika 2 hadi 3 kila mmoja. Mwisho ripoti fupi: ya mtunza saa, ya anayehesabu "eee" na ya mchunga lugha. Yote hayo hayafiki dakika 70. Ongezeni makofi na mwendo wa kutoka kitini hadi mbele, bado saa 11 na nusu mtakuwa mnakunywa chai, na Magharibi haijaadhiniwa.

Mtunza saa ndiye anayeubeba mkutano. Awe na kadi 3 kubwa za manila: kijani ainue dakika ya 5, manjano ya 6, nyekundu ya 7. Baada ya nyekundu kuna nusu dakika ya kufunga maneno, kisha makofi yaanze hata kama mtu hajamaliza. Akae nyuma, katikati, uso kwa uso na mzungumzaji. Akikaa pembeni, mzungumzaji atageuza shingo kumtafuta na hapo hapo atawapoteza watu. Kadi aishike juu mpaka ifuatayo ichukue nafasi yake, maana kadi ya kuinuliwa na kushushwa haionwi na mtu aliyeshikwa na woga. Skrini ya simu haifai. Jua la jioni likipenya dirishani, rangi hupotea. Kosa linalotokea mara nyingi ni mtunza saa kunogewa na hotuba akasahau kadi, kwa hivyo akae na mwenzake wa kumgusa bega. Na mwenyekiti akizidisha, akatwe kama wengine. Asipokatwa yeye, hakuna atakayekubali kukatwa.

SWALI: Sehemu ya papo kwa papo watu hutazama chini, wakiitwa husema sentensi mbili wakakaa. Ni woga tu? (Mwanachama, Changamwe)

JIBU: Woga upo, lakini tazameni kwanza maswali yenu. Ukimuuliza mtu "Una maoni gani kuhusu maendeleo?" umemtupa baharini bila ngalawa. Muulize hivi: "Asubuhi una mahamri kwa mbaazi na mkate wa mofa, unaruhusiwa kimoja tu maisha yako yote. Tetea chaguo lako." Hapo ana upande wa kushika na kitu cha kukionja kwa ulimi. Au: "Feri imezima katikati ya kivuko na mtihani wako ni saa 2. Unafanya nini?"

Swali lisomwe mara mbili, ndipo jina litajwe. Mkitaja jina kwanza, ukumbi mzima hupumua na kuacha kufikiri. Kijani iwe dakika 1, manjano dakika 1 na nusu, nyekundu dakika 2. Anayejibu achague upande mmoja, atoe sababu moja, aeleze tukio moja la kuonekana kwa macho, kisha arudie chaguo lake na akae. Mgeni akikataa, aachwe kwa upole. Wiki ijayo huenda akaomba mwenyewe.

SWALI: Ukumbi wetu una feni 3 na watu wa nyuma hawasikii. Tuzizime? (Bi. T., Tononoka)

JIBU: Kaskazi hii mkizizima mtapoteza watu wote, Bibi. Pangeni viti kwa umbo la mwezi mchanga, safu 2 tu, na mzungumzaji asisimame chini ya feni. Kisha aangalie mwanzo wa maneno yake. Kiswahili mara nyingi huweka ukanushi mwanzoni, na feni hula herufi "h" kwa urahisi: "hatakuja" hufika nyuma ikiwa "atakuja", na maana imepinduka. Wafanyeni mazoezi ya jozi kama hizo, mmoja mbele na mmoja mlangoni akisema alichosikia.

SWALI: Nimepangiwa kumtathmini mzee rika la babangu. Nitamkosoaje bila kumvunjia heshima? (Kijana, Majengo)

JIBU: Sema ulichokiona na kilivyokugusa, usiseme yeye ni mtu wa namna gani. Anza na shikamoo, kisha kwa mfano: "Mzee wetu, ulipotaja bei ya samaki changu ulitazama karatasi mara 3, na kila mara nilikukosa. Bei hiyo ukiisema ukitutazama, tutaiamini." Jambo la kurekebisha liwe moja. Ukimpa 7 hatashika hata moja, na dakika zako 3 zitakwisha ukiwa kwenye la 4.

Usimkosoe kwa Kimvita chake. Akisema "mato" badala ya "macho", hilo si kosa la lugha. Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake hapa Mombasa kwa lahaja hiyo hiyo. Mwambie mchunga lugha wenu pia. Kazi yake ni kukamata "yaani" isiyofafanua chochote, ile inayojaza pengo mtu anapotafuta neno. Dawa yake ni kufumba midomo na kuvuta pumzi kwa pua kila sentensi inapoisha. Kimya hicho humtisha anayezungumza tu. Wanaosikiliza hukiona ni utulivu.